Elbridge Gerry: Mzalendo aliyeponzwa na sahihi moja

MNAMO Februari 11, 1812, mjini Boston, gavana wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani alitia sahihi sheria iliyogawanya upya maeneo ya kuwachagua maseneta wa jimbo hilo. Ilikuwa karatasi moja tu kati ya nyingi zilizopita mezani pake majira hayo ya baridi, na jamaa zake walishikilia baadaye kwamba hakuipenda. Hata hivyo, hakuikataa.

Gavana huyo aliitwa Elbridge Gerry. Kufikia siku hiyo alikuwa amekwisha kutia sahihi Azimio la Uhuru wa Marekani, ameshiriki kuunda katiba ya taifa hilo kisha akakataa kuitia sahihi, na kuponea chupuchupu kutiwa mbaroni na wanajeshi wa Uingereza. Moja tu kati ya mambo hayo lingetosha kumpa mtu nafasi yake katika historia. Lakini ulimwengu unamkumbuka kwa ile sahihi ya Februari.

Jina lake limegeuka neno. Kila panapozuka malalamiko kwamba mipaka ya maeneo ya uchaguzi imekatwa kwa hila ili chama fulani kivune viti vingi kuliko kura zake, neno jerimanda hutajwa, na hata hapa Kenya limesikika mara kadha katika mizozo ya mipaka. Ajabu ni kwamba hata katika hilo marehemu hakutendewa haki. Mwenyewe alilitamka jina lake Geri, kwa sauti ya g kama katika neno gari, ilhali neno lililotokana naye hutamkwa kwa j kama katika jembe.

Mwana wa muuza samaki

Gerry alizaliwa Julai 17, 1744 katika mji wa Marblehead, bandari ya wavuvi kaskazini mwa Boston, wakati Massachusetts ilipokuwa ingali koloni la Uingereza. Babake, Thomas Gerry, alikuwa mzaliwa wa Uingereza aliyejipatia mali kwa kuuza ng'ambo samaki waliokaushwa kwa chumvi. Samaki wazuri wa bandari hizo walipelekwa Hispania. Wale duni waliuzwa katika visiwa vya Karibi, ambako walilishwa watumwa wa mashamba ya miwa. Utajiri wa Marblehead haukuwa mbali na utumwa, hata kama minyororo yenyewe haikuonekana gatini.

Kijana huyo aliingia Harvard kabla ya kutimiza miaka 14. Alihitimu shahada ya kwanza mnamo 1762, na alipoitetea shahada ya pili mwaka wa 1765, hoja aliyoichagua ilikuwa ya kisiasa wazi: kwamba wakoloniwa walikuwa na haki ya kukaidi kodi mpya ya stempu waliyotozwa na Bunge la London bila ya wao kuwa na mwakilishi hata mmoja katika bunge hilo. Suala la uwakilishi, basi, lilimkaa akilini tangu ujanani.

Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye ulimi uliokuwa ukikwama anapozungumza. Hakuwa na ile sauti ya kusisimua umati. Nguvu yake ilikuwa katika kamati, barua na vitabu vya hesabu. Mnamo 1772 alichaguliwa katika bunge la koloni, ambako alikutana na Samuel Adams, mchochezi mkuu wa upinzani dhidi ya Uingereza, na wawili hao wakawa wandani.

Haukupita muda mrefu kabla ya watu wa nyumbani kwake kumpa funzo chungu. Ugonjwa wa ndui ulipotishia Marblehead mwaka wa 1773, Gerry na washirika wake walijenga hospitali katika kisiwa kilicho karibu na mji huo ili watu wachanjwe. Chanjo ya siku hizo ilikuwa ya kumtia mtu ndui yenyewe kwa kiasi kidogo, na wakazi wengi waliogopa kwamba wagonjwa wangeusambaza ugonjwa mjini. Hofu ikageuka hasira, na Januari 1774 kundi la watu likavuka maji usiku na kuiteketeza hospitali hiyo.

Gerry aliumia moyoni. Alijiuzulu kwa muda kutoka shughuli za siasa, na alirejea tu baada ya Uingereza kuifunga bandari ya Boston mwaka huo huo, msaada wa chakula ulipoanza kupitia Marblehead na kuhitaji mtu wa kuusimamia. Mwandishi huyu anaamini kwamba moto ule wa kisiwani unaeleza mengi kuhusu maisha yake ya baadaye. Tangu hapo Gerry alimwogopa mfalme, lakini aliuogopa pia umati, na katika siasa zake zote aliyumba kati ya hofu hizo mbili.

Usiku wa Aprili 18, 1775 alikuwa amelala katika nyumba ya wageni kijijini Menotomy pamoja na wenzake wawili wa kamati iliyokuwa ikikusanya silaha na vyakula vya wanamgambo. Wanajeshi wa Uingereza walipita hapo wakielekea Concord, na baadhi yao wakasimama ili kuipekua nyumba. Watatu hao walitoroka wakiwa katika nguo za kulalia, wakajilaza kati ya mabua ya mahindi shambani hadi hatari ilipopita. Kulipopambazuka, risasi za kwanza za vita vya uhuru zilifyatuliwa Lexington.

Mwaka uliofuata alikwenda katika Bunge la Makoloni mjini Philadelphia. Aliunga mkono uhuru bila ya kusitasita, ingawa sahihi yake katika Azimio la Uhuru iliwekwa baadaye, kwa kuwa hakuwepo wajumbe wengi walipotia zao Agosti 2. Miaka ya vita aliimaliza akishughulikia fedha na mahitaji ya jeshi, kazi isiyo na sifa ila kwa wanaokosa viatu.

Katiba aliyoikataa

Mnamo 1786 Gerry alimwoa Ann Thompson, binti wa mfanyabiashara tajiri wa New York aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 20. Wawili hao walihamia Cambridge, karibu na chuo alichosomea, katika jumba la Elmwood lililokuwa limetwaliwa kutoka kwa mfuasi wa mfalme.

Mwaka wa 1787 alirudi Philadelphia kuwa mmoja wa wajumbe walioandika katiba. Jambo lililokaribia kuuvunja mkutano huo ndilo hilo hilo ambalo miaka 25 baadaye lingemharibia jina: kila kundi la watu liwe na uzito gani bungeni? Majimbo makubwa yalitaka viti vigawanywe kwa kufuata idadi ya watu. Madogo yalitaka kila jimbo liwe na kura sawa. Mnamo Julai, mambo yalipokwama kabisa, iliundwa kamati ya mjumbe mmoja kutoka kila jimbo, na mwenyekiti wake akawa Gerry.

Suluhu iliyotoka katika kamati hiyo ingali ipo hadi leo. Bunge la Waakilishi linafuata idadi ya watu. Seneti inalipa kila jimbo viti viwili, liwe kubwa ama dogo. Gerry mwenyewe hakuipenda sana, lakini aliitetea akihofia kwamba bila ya maafikiano taifa changa lingesambaratika.

Mwezi mmoja baadaye, James Madison wa Virginia aliwatahadharisha wajumbe hao kuhusu hatari nyingine. Mabunge ya majimbo yakiachiwa uwezo wa kupanga namna ya kuendesha uchaguzi, alisema, yangezipinda taratibu hizo ili kuwafaidi wagombeaji yanaowataka. Onyo hilo linafaa kuwekwa akilini, kwa kuwa Madison ataingia tena katika kisa hiki.

Septemba ilipofika Gerry alikuwa amegeuka mpinzani. Alikuwa ametoa hoja iandaliwe orodha ya haki za raia, ikakataliwa. Siku mbili kabla ya kufungwa kwa mkutano alizitaja dosari alizoziona katika katiba hiyo, na miongoni mwazo ni kwamba Massachusetts haikugawiwa viti vya kutosha, na kwamba majimbo ya kusini yangehesabiwa zaidi ya nusu ya watumwa wao, yaani watatu katika kila watano, ilhali watumwa hao hawakuwa na kura. Siku ya kutia sahihi, Septemba 17, yeye, George Mason na Edmund Randolph waliketi bila ya kuigusa kalamu.

Mtu huyu basi alijua vyema kwamba hesabu ya viti inaweza kupotoshwa, na alikataa sifa ya milele kwa kuwa jimbo lake lilipunjwa. Hilo ndilo linaloifanya sahihi ya 1812 kuwa ngumu kueleweka.

Hila hiyo ilikuwepo kabla yake. Uchaguzi wa kwanza wa Bunge la Waakilishi ulipoandaliwa, bunge la Virginia lilikuwa mikononi mwa Patrick Henry na wenzake walioipinga katiba. Wilaya ya nyumbani kwa Madison iliunganishwa na wilaya nyingine zilizoaminika kumpinga, na marafiki zake hawakuwa na shaka kwamba ulikuwa mtego. Mpinzani wake alikuwa James Monroe. Madison alilazimika kusafiri katika baridi kali kuwaomba watu kura, na mapema mwaka wa 1789 akashinda. Lau angeshindwa, huenda jina linalotukanwa leo lingekuwa la Henry.

Kutoka Paris hadi ugavana

Gerry naye alichaguliwa katika bunge hilo la kwanza, na alihudumu hadi 1793. Baadaye, mnamo 1797, Rais John Adams, rafikiye wa siku nyingi, alimtuma Ufaransa pamoja na John Marshall na Charles Cotesworth Pinckney kutafuta amani. Mawakala wa waziri Talleyrand walidai hongo nono na mkopo kabla ya mazungumzo kuanza. Wamarekani walikataa. Marshall na Pinckney waliondoka kwa hasira. Gerry akabaki, akiamini kwamba kuondoka kwake kungewasha vita.

Aliporejea mwaka wa 1798 alipokewa kama msaliti. Chama cha Federalist, kilichokuwa na nguvu katika miji ya Massachusetts na kilichopendelea uhusiano mwema na Uingereza, hakikumsamehe. Majirani zake wa Cambridge walimtenga. Ni katika miaka hiyo alipojiunga na chama cha Republican cha Thomas Jefferson, ambacho msomaji asikichanganye na chama kinachotumia jina hilo leo.

Aliwania ugavana mara nne mfululizo, kuanzia 1800 hadi 1803, na mara zote aliambulia patupu. Alistaafu. Kisha mwaka wa 1810, akiwa na umri wa miaka 65, alirudi uwanjani na kumbwaga Christopher Gore wa Federalist. Gavana wa Massachusetts alihudumu mwaka mmoja tu kabla ya kurejea kwa wapigaji kura kila Aprili, na Gerry alichaguliwa tena mwaka wa 1811.

Mwaka wake wa kwanza ulikuwa wa upole, kiasi cha wafuasi wa chama chake kunung'unika kwamba aliwaacha wapinzani katika vyeo vyao. Mwaka wa pili ulikuwa mwingine kabisa. Vita dhidi ya Uingereza vilikuwa vinanukia, na Gerry alishawishika kwamba Federalist walikuwa tayari kushirikiana na adui. Aliwaondoa wapinzani ofisini na kuwaweka watu wake. Alimwagiza mwanasheria mkuu azipitie gazeti za Boston na kuhesabu kashfa zilizochapishwa. Zilipatikana zaidi ya 200, nyingi kupindukia zikiwa katika magazeti ya wapinzani. Mtu anayehesabu matusi anayotukanwa hayuko katika hali nzuri ya kupima haki ya wanaomtukana.

Katika hali hiyo ndipo mswada wa mipaka ulipomfikia.

Mjusi wa Essex

Seneti ya jimbo hilo ilikuwa na viti 40. Kwa desturi, maeneo ya kuwachagua maseneta yalifuata mipaka ya wilaya, na mipaka hiyo ilikuwa ya zamani na ilijulikana na kila mtu. Katiba ya jimbo, hata hivyo, iliwapa wabunge uwezo wa kuyapanga maeneo hayo. Sasa chama cha Republican kilikuwa na wingi wa wabunge na kilikuwa na gavana. Mabwana hao walichukua ramani na kuanza kukata.

Hila yenyewe ni rahisi, na ingefaa ifafanuliwe kwa mfano wa kubuni. Chukua wapigaji kura 50 waliogawanywa katika maeneo 5 ya watu 10 kila moja. Chama cha kwanza kina watu 30, cha pili kina 20. Kwa mgao wa haki, cha kwanza kingetarajia viti vitatu. Lakini mwenye kuchora mipaka akiwa wa chama cha pili, atawarundika wapinzani wake 18 katika maeneo mawili, tisa kila moja, wakashinde huko kwa kishindo kisicho na faida. Waliobaki 12 atawatawanya katika maeneo matatu, wanne wanne, ambako watashindwa kwa kura sita. Chama chenye watu 20 kimetwaa viti vitatu, na hakuna sanduku lililoibwa wala kura iliyochomwa.

Ndivyo ilivyokuwa katika wilaya ya Essex, ngome ya Federalist na nyumbani kwao Gerry. Wachoraji waliikata vipande viwili. Kimoja kilianzia Chelsea, kikafuata pwani kupitia Lynn, Salem na Marblehead, kikageukia bara kupitia Danvers, Middleton na Andover, kikapanda hadi Methuen na Haverhill, kisha kikateremka kando ya mto Merrimack kupitia Amesbury hadi Salisbury, baharini tena. Ndani ya tao hilo jembamba ikaachwa miji mingine ya wilaya, kama vile Ipswich, Newburyport na Gloucester. Chelsea yenyewe ilikuwa ya wilaya nyingine, lakini iliburutwa humo.

Kuna visa kadha kuhusu namna jina lilivyozaliwa, na waliodai kulibuni ni zaidi ya mmoja. Vyote vinakubaliana kwamba ramani ya eneo hilo ilikuwa imetundikwa mbele ya kundi la Federalist waliokuwa wakipiga soga. Mtu mmoja akaona kwamba linafanana na mnyama, akaongezewa kucha, mabawa na meno. Mmoja akamwita salamanda, mnyama mithili ya mjusi ambaye katika hadithi za kale za Ulaya huishi motoni bila ya kuungua. Mwingine akalisahihisha jina hilo kwa kulitia la gavana.

Mchoro huo, ambao kwa kawaida huhusishwa na msanii Elkanah Tisdale, ulichapishwa katika gazeti la Boston Gazette mnamo Machi 26, 1812. Marblehead, mji aliozaliwa Gerry na uliochoma hospitali yake, iko palepale mwilini mwa mnyama.

Uchaguzi ulifanyika mwezi uliofuata. Katika kinyang'anyiro cha Seneti, wagombeaji wa Federalist walipata jumla ya kura 51,766. Wale wa Republican walipata 50,164. Federalist waliambulia viti 11 na Republican wakazoa 29.

Gerry mwenyewe alianguka. Caleb Strong wa Federalist alimshinda kwa ugavana, na sababu iko wazi kwa yeyote aliyeuelewa mfano wetu wa watu 50. Gavana huchaguliwa na jimbo zima likiwa eneo moja, na hapo hakuna mpaka wa kukata. Mipaka mipya iliwaokoa maseneta wa chama chake. Haikuweza kumwokoa yeye.

Sheria yenyewe haikudumu. Federalist waliifuta mwaka uliofuata, 1813. Hata ramani iliyochorwa kwa ustadi haiwezi kuzuia mafuriko wapigaji kura wanapogeuka kwa wingi, lakini kwa mwaka ule mmoja, uliokuwa mwaka wa vita, ilikuwa imefanya kazi iliyokusudiwa.

Neno lilibaki. Lilisafiri na vyama vyote vilivyofuata, kwa kuwa hakuna kilichokuwa na mikono misafi. Mnamo 1960 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa haki wakazi weusi wa Tuskegee, Alabama, baada ya mpaka wa mji wao kugeuzwa kutoka mraba hadi umbo la pande 28 ili karibu wote wasiweze kupiga kura mjini. Katika uamuzi wa 1962 mahakama hiyo ilikubali kusikiza kesi za mipaka kutoka Tennessee, ambako wabunge walikuwa hawajaigusa ramani tangu 1901, na mnamo 1964 ikaamuru kwamba maeneo ya mabunge ya majimbo yawe na watu karibu sawa.

Lakini watu kuwa sawa hakuzuii hila, kama maeneo yetu matano ya watu kumi kumi yalivyoonyesha. Mnamo 2019 mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba upendeleo wa kichama katika mipaka si jambo la mahakama za shirikisho kulitatua. Mnamo 2025 Texas ilichora upya ramani yake katikati ya muongo ili kukiongezea chama cha Republican viti, na wapigaji kura wa California wakaidhinisha ramani ya kukifidia chama cha Democratic.

Kwetu Kenya kilio kilikuwa cha aina nyingine. Kabla ya katiba ya 2010 tulikuwa na maeneo bunge 210, na Embakasi jijini Nairobi ilikuwa na wapigaji kura mara nyingi zaidi ya wale wa Lamu Mashariki, ilhali kila moja ilimtuma mbunge mmoja. Huko hakukuhitajika umbo la mjusi. Kifungu cha 89 cha katiba hiyo kiliweka maeneo bunge 290, kikakabidhi kazi ya mipaka kwa tume huru badala ya wabunge, na kikataka yapitiwe upya kila baada ya miaka isiyopungua minane wala kuzidi 12. Pia kiliweka kiwango cha tofauti ya idadi ya watu: asilimia 40 kwa miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache, na 30 kwingineko. Mipaka ilitangazwa Machi 2012. Miaka 12 ilikamilika Machi 2024, wakati tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna, na tarehe hiyo ikapita.

Siku za mwisho

Tukirudi kwake Gerry, kushindwa mwaka wa 1812 hakukumaliza safari yake. Chama chake kilimteua kuwa mgombea mwenza wa Rais Madison, yule yule aliyetoa onyo mjini Philadelphia na kuuruka mtego wa Virginia. Walishinda, japo wengi wa wajumbe wa Massachusetts wa kumchagua rais walikwenda upande wa mpinzani wao. Mnamo Machi 1813 Gerry akawa makamu wa rais.

Hatuna dalili kwamba wawili hao waliwahi kuketi na kuzungumza kuhusu mjusi wa Essex. Kulikuwa na vita. Mnamo Agosti 1814 wanajeshi wa Uingereza waliingia Washington na kuiteketeza Ikulu pamoja na majengo ya Bunge. Gerry, akiwa na miaka 70 na afya dhaifu, aliendelea kuviongoza vikao vya Seneti katika mji uliojaa majivu.

Asubuhi ya Novemba 23, 1814 alikuwa njiani kwenda Seneti maumivu yalipomshika garini. Alifariki muda mfupi baadaye. Alizikwa katika makaburi ya Bunge mjini Washington, na kati ya wote waliotia sahihi Azimio la Uhuru, yeye pekee ndiye aliyelala katika mji mkuu.

Aliacha madeni. Seneti ilikubali mjane wake alipwe mshahara wa makamu wa rais kwa muda uliosalia wa hatamu yake, lakini Bunge la Waakilishi likakataa. Ann Gerry aliishi miaka mingine 35. Mnamo 1842 alikuwa bado hai Bunge lilipopitisha sheria iliyotaka kila mbunge wa Bunge la Waakilishi achaguliwe na eneo moja lisilokatika vipande. Alifariki mwaka wa 1849, akiwa wa mwisho kati ya wajane wa waliotia sahihi Azimio lile.